PostgreSQL imegoma: kusoma dalili kwenye seva ya ofisini

Mwongozo huu wa PostgreSQL, programu (injini) inayotunza hifadhidata, umelenga seva ndogo ya Debian au Ubuntu iliyowekwa kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, ghala la Shimanzi au duka la jumla: mashine moja pembeni, kompyuta sita au kumi za makarani, na ruta moja inayowaunganisha wote. Katika mifano, hifadhidata inaitwa `ghala`, mtumiaji wake ni `karani`, seva iko kwenye anwani 192.168.1.20, na toleo ni la 16 linalokuja na Ubuntu 24.04. Ubuntu 22.04 huja na toleo la 14, Debian 12 na la 15, kwa hiyo badilisha namba hiyo popote inapotokea kwenye njia za faili.

Kabla ya kugusa chochote, endesha amri hizi tatu:

```
pg_lsclusters
sudo tail -n 50 /var/log/postgresql/postgresql-16-main.log
df -h
```

Ya kwanza inasema kama injini iko `online` au `down` na inatumia poti gani (namba ya mlango wake wa mtandao). Ya pili ndiyo yenye ukweli wote, maana ujumbe anaouona karani kwenye skrini yake mara nyingi ni nusu tu ya habari. Ya tatu inaonyesha kama diski imejaa.

Usitegemee `systemctl status postgresql`. Itakujibu `active (exited)` kwa rangi ya kijani hata kama injini imekufa tangu jana, kwa sababu huduma hiyo ni ganda tu. Yenyewe hasa ni `postgresql@16-main`.

Na usikimbilie kufuta na kusakinisha upya. Wengi huanzia hapo. `apt purge` itakuuliza kama unataka folda za data ziondolewe pia, na mtu aliyechoka usiku hujibu ndiyo.

Usakinishaji haukamiliki

`Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend`: mashine imewashwa sasa hivi na inajisasisha yenyewe nyuma ya pazia. Subiri dakika kumi. Ukifuta faili ya kufuli kwa nguvu utaacha vifurushi nusunusu, kisha itabidi `sudo dpkg --configure -a`.

`Release file ... is not valid yet`: saa ya seva iko nyuma. Kwenye mashine kuukuu chanzo huwa ni betri ya ubao mama, ile ya duara CR2032, imekufa, na kila stima ikipotea tarehe inarudi miaka nyuma. Badilisha betri, kisha `sudo timedatectl set-ntp true`.

Kifurushi kimeingia lakini `pg_lsclusters` haina kitu chini ya vichwa vyake: klasta, yaani folda ya data ambayo injini huihudumia, haikuundwa. Karibu kila mara tatizo ni lugha ya mazingira. Umeingia kwa SSH (njia ya kuamuru seva ukiwa mbali) kutoka kompyuta yako, nayo imepeleka `LANG` ambayo seva haina. Utakuwa umeona maonyo ya `perl: warning: Setting locale failed` yakipita mbio. Dawa:

```
sudo locale-gen en_US.UTF-8
sudo update-locale LANG=en_US.UTF-8
```

Kwenye Debian, amri ya kwanza haitoshi hivyo. Tumia `sudo dpkg-reconfigure locales` uchague kwenye orodha. Toka, ingia tena, kisha:

```
sudo pg_createcluster 16 main --start
```

Ukitaka, `sw_KE.UTF-8` ipo pia. La muhimu ni hiyo `UTF-8` ya mwisho. Klasta iliyoundwa chini ya `LANG=C` huzaliwa na usimbaji wa `SQL_ASCII`, unaopokea takataka yoyote bila kulalamika. Hulioni mwanzoni, ila siku ukitaka kuunda hifadhidata ya UTF8 utaambiwa `new encoding (UTF8) is incompatible with the encoding of the template database (SQL_ASCII)`. Kama klasta bado haina data, ivunje uiunde upya. Kama ina data, unda hifadhidata mpya kwa `TEMPLATE template0 ENCODING 'UTF8' LC_COLLATE 'en_US.UTF-8' LC_CTYPE 'en_US.UTF-8'` uhamishe humo.

`role "root" does not exist` na `Peer authentication failed`

Hizi mbili ni salamu za mgeni, si ugonjwa. PostgreSQL haimtambui root wa mfumo. Mkuu wake anaitwa `postgres`, nawe unaingia hivi, kupitia psql, programu ya kuandikia amri za hifadhidata:

```
sudo -u postgres psql
```

Onyo la `could not change directory to "/root": Permission denied` linaloandamana nayo halina madhara.

`Peer authentication failed for user "karani"` maana yake ni hii: umepiga hodi kupitia soketi ya ndani ya mashine, na sheria ya `peer` inalinganisha jina lako la Linux na jina unaloomba kuingia nalo. Wewe ni `fundi` kwenye Linux, unaomba kuwa `karani`, basi umekataliwa. Nenosiri halikuulizwa kabisa. Pitia njia ya mtandao badala ya soketi:

```
psql -h localhost -U karani ghala
```

Usibadilishe `peer` kuwa `trust`. Ushauri huo umejaa mtandaoni na maana yake ni kwamba yeyote aliye ndani ya mashine anaweza kujiita `postgres` na kufanya atakalo.

Ndani ya seva inafanya kazi, kompyuta za makarani hazifiki

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, na hakuna haja, kwa kuwa namna ulivyokataliwa inaonyesha ombi lako limefika wapi.

Ukijibiwa `Connection refused` papo hapo, ombi limefika kwenye mashine lakini hakuna anayesikiliza kwenye poti 5432 ya anwani hiyo. Ukikaa kimya nusu dakika au zaidi kisha `timeout expired`, kuna kitu njiani kinachomeza ombi: fayawoli, au anwani si ya seva tena. Ukijibiwa `no pg_hba.conf entry for host`, mtandao ni mzima na umefika mlangoni, ila jina lako halimo kwenye daftari la mlinzi. `password authentication failed` ni hatua moja zaidi: umo kwenye daftari, nenosiri ndilo limekataliwa.

Kwa `refused`, angalia nani anasikiliza wapi:

```
sudo ss -ltnp | grep 5432
```

Ukiona `127.0.0.1:5432` peke yake, seva inajisikiliza yenyewe tu. Ndivyo inavyokuja. Kwenye `/etc/postgresql/16/main/postgresql.conf` weka

```
listen_addresses = '*'
```

uondoe alama ya `#` mwanzoni mwa mstari, kisha `sudo systemctl restart postgresql@16-main`. Badiliko hili linataka kuwashwa upya. `reload`, yaani kusoma upya mipangilio bila kuzima, haitoshi. Umebadilisha na bado? Uliza injini yenyewe:

```
SELECT setting, sourcefile, pending_restart
FROM pg_settings WHERE name = 'listen_addresses';
```

Kama `sourcefile` inataja `postgresql.auto.conf`, kuna mtu aliwahi kutumia `ALTER SYSTEM`, na faili hiyo huishinda ile unayoihariri. Futa kwa `ALTER SYSTEM RESET listen_addresses;`.

Kuna sura moja ya tatizo hili inayowazungusha watu sana huku kwetu. Stima imepotea usiku, imerudi alfajiri, asubuhi makarani hawapati mfumo, lakini ukikaa kwenye seva kila kitu ni sawa. Kwenye logi kuna mstari huu:

```
could not bind IPv4 address "192.168.1.20": Cannot assign requested address
```

Aliyesanidi aliandika `listen_addresses = 'localhost,192.168.1.20'`. Seva na ruta ziliwaka pamoja, seva ikatangulia, PostgreSQL ikaamka kabla ruta haijagawa anwani. Ikapata `localhost`, ikakosa ile nyingine, ikaandika onyo na kuendelea kana kwamba hakuna kitu. Ukiiwasha upya inapona, mpaka stima ipotee tena. Dawa ya kudumu ni `'*'`, na ulinzi uwe kwenye `pg_hba.conf` na fayawoli, pamoja na kuipa seva anwani isiyobadilika. Hiyo ya mwisho inakuepusha pia na siku ruta inapompa printa anwani ya seva.

Kwa `timeout`:

```
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 5432 proto tcp
```

Hiyo inafungulia ofisi tu. Usifungue 5432 kwa dunia nzima eti kwa sababu tawi la Likoni linataka kuingia. Tawi lipitie handaki la SSH, au WireGuard (VPN) kama kompyuta ni nyingi:

```
ssh -N -L 5433:localhost:5432 fundi@anwani-ya-ofisi
```

kisha programu ya tawi ielekezwe `localhost`, poti 5433. Kama laini ya ofisi haina anwani yake ya hadharani, na laini nyingi za bei nafuu hazina, itabidi upate mashine ya kukodi mtandaoni iwe kituo cha kukutania.

Kwa `no pg_hba.conf entry`, ongeza mstari:

```
host    ghala    karani    192.168.1.0/24    scram-sha-256
```

Sheria husomwa kutoka juu, na ya kwanza kulingana ndiyo inayoamua, hata kama chini kuna inayokufaa zaidi. Hapa `reload` inatosha, ila kagua kwanza:

```
SELECT line_number, error FROM pg_hba_file_rules
WHERE error IS NOT NULL;
```

Ukifanya `reload` faili ikiwa na kosa, injini inaendelea na sheria za zamani kimyakimya, na kwenye logi tu ndiko inakosema kwamba faili haikupakiwa. Ukiiwasha upya na kosa hilo, haiamki kabisa.

Kwa `password authentication failed`, nenda moja kwa moja kwenye logi. Karani haambiwi zaidi, kwa usalama, lakini mstari wa `DETAIL` ndani ya logi unasema kama jina halipo, kama halina nenosiri, au kama ni nenosiri lenyewe. Liweke upya kwa `\password karani` ndani ya psql. Njia hiyo inalisimba kabla ya kulituma, kwa hiyo haliachwi wazi kwenye logi. Na ukiona `authentication method 10 not supported` au `SCRAM authentication requires libpq version 10 or above`, nenosiri halina kosa. Programu ya mhasibu inatumia dereva ya zamani isiyojua SCRAM, njia mpya ya kuthibitisha nenosiri. Sasisha dereva, usirudishe seva nyuma kwenye md5.

`permission denied for schema public`

Mwongozo ulioufuata uliandikwa kabla ya toleo la 15. Zamani kila mtumiaji aliweza kuunda jedwali kwenye skima (kundi la majedwali) ya `public`, na kuanzia toleo la 15 ruhusa hiyo imeondolewa. Njia safi ni kumfanya karani mwenye hifadhidata tangu mwanzo:

```
CREATE ROLE karani LOGIN;
\password karani
CREATE DATABASE ghala OWNER karani;
```

Kama ipo tayari, `ALTER DATABASE ghala OWNER TO karani;`. Ukipendelea kutoa ruhusa tu, fanya `\c ghala` kwanza ndipo uandike `GRANT CREATE ON SCHEMA public TO karani;`. Watu hutoa amri hiyo wakiwa bado ndani ya hifadhidata ya `postgres`, inajibu `GRANT` kwa adabu zote, na huko `ghala` hakuna kilichobadilika.

`permission denied for table` baada ya kurudisha bekapu ni jambo jingine: majedwali yamezaliwa yakiwa mali ya `postgres`. Rudisha tena kwa `pg_restore --no-owner --role=karani -d ghala`.

Lori limetoka leo, ripoti inasema jana

Bandarini hakulali mtu, na hitilafu hii huonekana kwa zamu ya usiku peke yake. Lori likitoka getini saa saba usiku, ripoti inaliweka kwenye tarehe ya jana. La saa nne usiku liko sawa. La saa kumi alfajiri liko sawa.

Seva iko kwenye UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa 3. Kuanzia saa sita usiku hadi saa tisa, kule bado ni jana, na `current_date` inajibu hivyo. Umebadilisha saa ya mashine kwa `timedatectl` na haikusaidia, kwa sababu PostgreSQL ilinakili ukanda wa saa siku klasta ilipoundwa na kuuandika kwenye `postgresql.conf`. Haifuati mashine tena. Basi:

```
ALTER DATABASE ghala SET timezone TO 'Africa/Nairobi';
```

Miunganisho mipya ndiyo itakayoona badiliko, kwa hiyo programu zifungwe na kufunguliwa. Badilisha na `log_timezone` kwenye `postgresql.conf`, la sivyo utakuwa ukisoma logi huku ukijumlisha tatu kichwani.

`Africa/Mombasa` haimo kwenye orodha ya kanda za saa, itakataliwa kwa `invalid value for parameter "TimeZone"`. Afadhali hiyo inayokataliwa. Hatari ni kuandika `'UTC+3'`, kwa kuwa inakubaliwa na inafanya kinyume. Kwa kanuni ya POSIX, alama ya kujumlisha hapo inamaanisha magharibi ya Greenwich, hivyo unarudishwa nyuma saa 3 badala ya kusogezwa mbele, na jumla unapotea kwa saa 6. Sasa tazama ubaya wake kwetu sisi: lori la saa mbili asubuhi linasomeka 02:00, la saa nane mchana linasomeka 08:00. Kila anayeona atadhani karani ameingiza saa za Kiswahili kwenye mfumo, na atalaumiwa bure. Endesha `SHOW timezone;` kabla ya kumwita mtu yeyote.

Kama safu ya muda ni `timestamp` tupu, kubadilisha ukanda hakutarekebisha rekodi za nyuma, maana ziliandikwa bila kubeba ukanda wowote. Ukiwa na hakika kwamba zote ziliingia kwa UTC, na umeshachukua bekapu:

```
ALTER TABLE safari
  ALTER COLUMN muda TYPE timestamptz
  USING muda AT TIME ZONE 'UTC';
```

Jina lenye ng' linaangusha mfumo

Mteja anaitwa Mwang'ombe, ghala lake liko Ng'ombeni. Programu inatoa:

```
ERROR:  syntax error at or near "ombe"
```

Ukijaribu sentensi ileile ndani ya psql hupati hata kosa. Alama ya kusubiri inageuka kutoka `ghala=>` kuwa `ghala'>` na psql inakaa kimya. Inangoja ufunge nukuu. Bonyeza Ctrl-C utoke.

SQL hufunga maneno kwa nukuu hiyo moja, kwa hiyo ikifika kwenye `Mwang'` inadhani jina limekwisha na `ombe` ni amri isiyoeleweka. Kwa mkono, andika nukuu mara mbili: `'Mwang''ombe'`. Kwenye programu, mwenye kuiandika aache kuunganisha maneno ya mteja ndani ya sentensi ya SQL na atumie vigezo. Programu inayoanguka kwa Mwang'ombe itafunguka kwa mwizi, tundu ni lilelile.

Dada yake tatizo hili ni mteja anayetafutwa akakosekana ilhali yumo. Karani mmoja aliandika jina kwenye kompyuta, mwingine alilinakili kutoka simu au Word, ambazo hugeuza alama kuwa ile iliyopinda. Kwa jicho majina ni mamoja, kwa mashine ni mawili. Sawazisha:

```
UPDATE wateja
SET jina = replace(jina, U&'\2019', '''')
WHERE jina LIKE U&'%\2019%';
```

na uweke usawazishaji huohuo kwenye fomu ya kuingizia, la sivyo utarudi hapa mwezi ujao.

Stima imerudi, PostgreSQL haijarudi

Kwanza subiri. Baada ya kuzimika ghafla, injini husoma upya daftari lake la mabadiliko, na logi husema `database system was not properly shut down. Automatic recovery in progress`. Wakati huo anayejaribu kuingia hujibiwa `the database system is starting up`. Huko ni kujitibu. Anayeizima katikati kwa `kill -9` anairudisha mwanzo.

`lock file "postmaster.pid" already exists` inataka utulivu. Ujumbe unataja namba ya mchakato. Angalia kama ni hai:

```
ps -p 812 -o pid,user,cmd
```

Kama ni `postgres`, injini inaendelea na hakuna la kufuta. Kama namba hiyo haipo au ni ya programu nyingine kabisa, hapo ndipo unaweza kuondoa `/var/lib/postgresql/16/main/postmaster.pid` na kuwasha. Kuifuta huku injini ingali hai ni kukaribisha injini mbili kwenye data moja, na huko hakuna fundi wa kukutoa.

`data directory has invalid permissions`: kuna mtu alipita na `chmod -R 777` akitafuta suluhisho la jambo jingine. Rudisha:

```
sudo chown -R postgres:postgres /var/lib/postgresql/16/main
sudo chmod 700 /var/lib/postgresql/16/main
```

`PANIC: could not locate a valid checkpoint record` ndiyo mbaya. Zima, nakili folda nzima ya data kwenye diski nyingine kabla ya kujaribu lolote, kisha rudisha bekapu. `pg_resetwal` huiwasha injini kwa kutupa kumbukumbu ya mabadiliko ya mwisho. Kinachobaki kinaweza kuwa na mapengo usiyoyaona, kwa hiyo baada yake toa data kwa `pg_dump`, unda klasta mpya, ingiza upya. Usiendelee na biashara juu ya klasta hiyo.

Inafikaje hapo, ilhali PostgreSQL imejengwa kustahimili kuzimika? Mara nyingi ni SSD ya bei rahisi inayoiambia seva kwamba data imeshaandikwa ilhali bado iko kwenye kumbukumbu yake ya muda. Mara nyingine ni mtu aliyezima `fsync` ili mfumo uwe mwepesi. `SHOW fsync;` ijibu `on`, hakuna mjadala.

UPS peke yake haitoshi kama inapiga kelele tu mpaka inazimika. Iunganishe kwa kebo ya USB na kifurushi cha `nut` ili izime seva kwa heshima betri ikikaribia kwisha. Kwenye `/etc/nut/nut.conf` badilisha `MODE=none` kuwa `MODE=standalone`, mstari unaosahaulika kuliko yote. Dereva ni `usbhid-ups`, au `nutdrv_qx` kwa UPS nyingi za bei ya chini. Jaribu kwa `upsc ups@localhost` ukishaipa UPS jina `ups`. Kisha ing'oe plagi ukutani siku ya kazi nyepesi uone kama seva inajizima kweli. Betri za asidi hupimwa umri kwa joto la nyuzi 20 hadi 25, nacho chumba kilichofungwa Mombasa mwezi Machi huvuka 30 bila shida, basi usitarajie ikae miaka iliyoandikwa kwenye boksi. Chumvi ya hewa nayo hula feni na viunganishi. Seva ya karibu na dirisha linalotazama bahari ihamishwe ukuta mwingine.

`No space left on device`

Usiguse `pg_wal`. Inaonekana kama logi, ina jina la kushawishi na gigabaiti nyingi, lakini ndiyo hilo daftari linaloiokoa injini. Waliofuta humo ndio wanaokutana na PANIC ya hapo juu.

Pata nafasi ya kupumua kwanza. `sudo journalctl --vacuum-size=200M` na `sudo apt clean` hutoa kiasi. Kwenye ext4 kuna akiba iliyofichika: asilimia 5 ya diski imetengwa kwa ajili ya root, na PostgreSQL si root, kwa hiyo diski inamjaa yeye kabla ya kujaa kweli. Kwenye kizigeu cha GB 100,

```
sudo tune2fs -m 1 /dev/sda2
```

inafungua kama GB 4 hapohapo, bila kuzima chochote. Badilisha jina la kizigeu lilingane na lako.

Sasa tafuta nani anazuia `pg_wal` isisafishwe. Mara nyingi ni mmoja kati ya wawili: `archive_command` inayoshindwa, ambayo logi itaipigia kelele, au nafasi ya nakala (replication slot) iliyoachwa na seva ya akiba ambayo ilishaondolewa zamani:

```
SELECT slot_name, active,
  pg_size_pretty(pg_wal_lsn_diff(pg_current_wal_lsn(), restart_lsn))
FROM pg_replication_slots;
```

Ukiona `f` kwenye `active` na gigabaiti kibao pembeni, `SELECT pg_drop_replication_slot('jina');`, kisha `CHECKPOINT;`. Weka `max_slot_wal_keep_size = '10GB'` ili isirudie.

Mfumo umeboreshwa, hifadhidata imekuwa tupu

Haijawa tupu. Ukipandisha Ubuntu kutoka 22.04 kwenda 24.04, toleo la 16 huwekwa pembeni ya lile la 14 na kupewa klasta yake mpya isiyo na kitu kwenye poti 5433. `pg_lsclusters` itaonyesha zote mbili. Aidha umeingia kwenye ile mpya, au ya zamani haijawashwa. Ukiwa na bekapu mkononi:

```
sudo pg_dropcluster 16 main --stop
sudo pg_upgradecluster 14 main
```

Soma amri ya kwanza mara mbili kabla ya kubonyeza. Inafuta klasta, na namba 16 hapo ni ile tupu. Ya pili inahamisha data na kuipa klasta mpya poti 5432. Ya zamani inabaki, imezimwa. Iache wiki mbili.

Ukisasisha mfumo wote unaweza pia kuona onyo la `collation version mismatch`. Mpangilio wa herufi umebadilika chini ya indeksi zako. Endesha `REINDEX DATABASE ghala;` baada ya kazi, kisha `ALTER DATABASE ghala REFRESH COLLATION VERSION;`, kwa mfuatano huo.

`sorry, too many clients already`

Kikomo ni miunganisho 100. Ofisi ya makarani kumi haina sababu ya kukifikia, basi usikimbilie kukiongeza. Tazama:

```
SELECT state, count(*) FROM pg_stat_activity GROUP BY state;
```

`idle` themanini maana yake programu inafungua na haifungi. `idle in transaction` ni mbaya zaidi, zinashikilia kufuli; weka `idle_in_transaction_session_timeout = '5min'`. Programu isiyorekebishika iwekewe PgBouncer, programu ya kugawana miunganisho michache, mbele yake, poti 6432.

Ukiongeza kikomo bila RAM utakutana na mstari huu:

```
server process (PID 2214) was terminated by signal 9: Killed
```

Kernel imekosa memori ikachagua mtu wa kutoa kafara. Thibitisha kwa `sudo dmesg | grep -i oom`. Kwa mashine ya GB 4 inayofanya kazi hiyo peke yake, `shared_buffers = 1GB` inafaa, na `work_mem` ibaki 4MB mpaka uwe na sababu, kwa kuwa kiasi hicho si cha seva nzima: kila upangaji ndani ya kila swali unaweza kuchukua chake. Karani ishirini wakifungua ripoti nzito pamoja kwa `work_mem` ya 256MB, hesabu iliyobaki fanya mwenyewe.